Kamera Ikae Kifuani: Kujishonea Kifuko Chepesi cha Safari ya Miguu

Habari za jioni, ndugu zangu, na asanteni kwa kuja.

Nyote mliowahi kutembea siku tatu nne na begi mgongoni mnalijua jambo hili. Ukungu unafunguka, bonde lote linajitokeza kwa nusu dakika, na kamera yako iko chini ya koti na sufuria, ndani ya mfuko wake mnene wenye zipu tatu. Hadi ulishushe begi, ulifungue, uchimbue, ukungu umesharudi. Siku ya pili huitoi tena. Unabeba chombo usichokitumia.

Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya kifuko cha safari ni kuiweka kamera pale mkono unapofika huku miguu inatembea. Kuilinda ni kazi ya pili. Ukilikubali hilo, mengi yanapungua yenyewe: mifuko ya ubavuni, bitana ya manyoya, mkanda mrefu wa begani. Kifuko ninachotumia sasa kina uzito wa gramu 35, pamoja na bizimu yake. Gramu ni kama ile haba na haba inayojaza kibaba, na anayekibeba kibaba hicho ni bega lako.

Vitambaa nitavipita haraka. Chukueni nailoni nyembamba yenye mirabamiraba. Zile nyuzi nene zinazopita kila baada ya milimita chache huuzuia mpasuko usiendelee. Ya gramu 70 kwa mita ya mraba inatosha. Hema bovu lina kitambaa kizuri sana, usilitupe. Uzi uwe wa poliesta, maana wa pamba hunywa maji na kuoza. Sindano namba 80 kwa kitambaa, namba 90 mahali penye utepe mnene.

Kwenye sponji naomba tutulie. Sponji ya godoro haifai. Inanyonya maji, halafu inayashikilia yakiwa yameigusa kamera usiku kucha. Inayotakiwa ni ile ngumu kidogo ya mkeka wa kulalia kambini, ambayo ukiizamisha ndani ya ndoo hutoka haijabeba maji ndani yake. Unene wa milimita 5 unatosha kwa kamera ndogo. Kipande cha mkeka uliochakaa kinatoa vifuko kadhaa.

Sasa vipimo, na hapa ndipo nilipoharibu kifuko changu cha kwanza. Niliipima kamera, nikakata kitambaa kwa vipimo vilevile, nikashona kwa uangalifu wote. Kamera haikuingia. Sponji ilikuwa imekula nafasi, mshono umekula nyingine. Iliniuma, kwa sababu kitambaa kile sikuwa na kingine.

Tuchukue kamera yenye upana wa sentimita 11, kimo 7, unene 5. Mzunguko wake, yaani upana na unene mara mbili, ni 32. Sponji inaongeza sentimita 1 kwenye upana na 1 kwenye unene, kwa hiyo mzunguko unakuwa 36. Ongeza 2 za kuiachia kamera ipumue, tumefika 38. Ongeza 2 za nafasi ya mshono: kata kipande cha urefu wa sentimita 40. Kutoka 32 hadi 40, na hakuna hata moja ya anasa. Kwa kimo, hesabu 7 za kamera, nusu sentimita ya sponji ya chini, zaidi kidogo ya 3 za kitako, yaani nusu ya unene wa sehemu ya chini tutakayoishona baadaye, 1 ya mshono, na 10 za mdomo wa kukunja. Sentimita 22. Kata kwanza kwa gazeti, ubandike, uingize kamera. Gazeti likikataa, hujapoteza kitu.

Kunja kipande hicho, upande mzuri ukiwa ndani, ushone ubavu na chini. Unapata mfuko bapa. Sasa shika kona ya chini uivute iwe pembetatu, mshono wa chini ukae katikati kabisa, mkipapasa kwa kidole mtausikia. Pima mahali pembetatu ina upana wa sentimita 6 na nusu, chora kwa chaki, shona juu ya mstari. Fanya hivyo na kona ya pili. Ukiugeuza, mfuko una kitako, na unasimama. Mimi bado nafurahi kila ninapofika hapo.

Shona mfuko wa pili kama huo, mwembamba, mfinyu kwa sentimita 4 za mzunguko na usio na mdomo wa kukunja, uwe bitana. Sponji inakaa katikati ya hiyo miwili: ukanda mmoja unaoshuka mbele, ukapita chini, ukapanda nyuma, na vipande viwili vya ubavuni. Usiishone sponji ndani ya mshono. Cherehani itahangaika, na sponji iliyobanwa na uzi huwa nyembamba palepale kwenye kona, ambapo kamera hugonga jiwe.

Hatua ya mishono iwe karibu milimita 3. Mishono ya kubanana hukitoboa kitambaa chembamba kama karatasi ya kuchania. Na pini zitumieni ndani ya nafasi ya mshono tu, kwa sababu tundu kwenye nailoni iliyopakwa silikoni halizibiki.

Kuhusu kufunga, watu hubishana. Velkro siipendi: inakwaruza kioo cha nyuma, na mlio wake unamfukuza ndege uliyemnyatia robo saa. Zipu ni sawa mpaka ikutane na mchanga. Mdomo wa kukunja mara tatu na bizimu moja huzuia mvua vizuri zaidi, ingawa matundu ya sindano hupitisha maji. Mvua kubwa ikija, mfuko mdogo wa plastiki ndani ya kifuko ndio kinga ya kweli.

Mwisho, vitanzi viwili vya utepe nyuma, cha juu na cha chini, vishike mkanda wa begi mbele ya bega. Kitanzi kimoja hufanya kamera icheze kila hatua. Kabla ya kuvishona, weka kiraka upande wa ndani, kisha cherehani iende na kurudi mara tano sita. Uzito wote unaning'inia hapo.

Kisha tia mchanga wenye uzito wa kamera ndani ya kifuko, kivae, ruka, inama, panda ngazi. Fumba macho, ufungue kwa mkono mmoja. Ukishindwa, fumua ushone tena.

Mezani nina vipande nilivyovikata kwa kamera hiyo ya mfano, na cherehani mbili. Karibuni tukae.