Jamani, hilo jumba nyuma yangu si hoteli

Haya, habari za huko nyumbani. Leo wacha nijibu, maana kila nikiweka video swali ni lile lile: "Kaka, hiyo hoteli unalipa shilingi ngapi?" Na yule mwingine hakosi: "Keshaanza kujishaua." Sijishaui. Chumba changu kina feni moja na mlango mpaka uusukume kwa bega. Hapa nimesimama nje ya geti, na nje ya geti hakuna anayekudai.

Hili ni kasri la Mysore, kusini mwa India, la wafalme wa ukoo wa Wadiyar. Ukoo ndio wa kale. Jengo lenyewe lilimalizika 1912. Lililotangulia lilikuwa la mbao, likaungua 1897, tena wakati wa harusi ya dada wa mfalme. Mfalme Krishnaraja wa Nne alikuwa bado mtoto, mama yake ndiye aliyeshika utawala, na huyo mama ndiye aliyemwita Mwingereza Henry Irwin achore jipya. Safari hii mawe na chuma, maana mbao walishaziona. Likala rupia laki 41 na ushee, za enzi hizo!

Ndani unavua viatu. Kuna ukumbi wa harusi wenye pembe nane, na ukiinua shingo unakutana na dari ya vioo vya rangi, tausi kila upande, juu ya nguzo nyembamba za chuma. Vioo na nguzo vimetoka Glasgow, Uskochi, lakini ukutani wamechora maandamano ya Dasara, sikukuu yao kubwa ya Kihindu, tembo na wapanda farasi, sura za watu waziwazi. Hapo mimi nilikaa sana kuliko kwenye dhahabu. Wazanzibari, nguzo za chuma si ngeni kwenu, Beit al-Ajaib inazo.

Ila dirisha la tiketi, mh! Mgeni ana bei yake, na ni nzito. Ndiyo maana mnaniona nje. Jumapili usiku wanawasha taa karibu laki moja, unaziona kutoka barabarani, bure.

Mtasema nalalamika. Basi nilalamike kidogo. Huku anayempangisha mgeni lazima amwandikishe mtandaoni kwa fomu ya serikali, ile iliyozoeleka kuitwa Fomu C. Wa kwangu amana ya miezi kadhaa aliipokea siku ile ile, fomu ikawa kesho, keshokutwa, mara intaneti imekata. Bila fomu hiyo karatasi zako za ukaazi hazisogei, na ofisini wanakutazama kama wewe ndiye mzembe.

Kwa hiyo mnaouliza kama mje kusoma, siwezi kukuamulia, kila mtu na mfuko wake na bahati yake. Mimi ningeulizia fomu kabla ya kutoa amana. Wa kwangu kaijaza juzi, halafu kapandisha kodi.