Kuku wa Shangazi na Jina la Kuvu

HAMISI: Karibuni tena. Dada Neema ana karatasi yake hapa, mafunzo matatu kuhusu jenomu za kuvu, yaani vinasaba vyote vya ukungu, yamepangwa vizuri. Lakini Dada, kabla hujaanza, wiki hii nilikuwa Kondoa kwa shangazi.

NEEMA: Yule wa kuku?

HAMISI: Huyohuyo. Kafungua gunia la karanga, ndani ukungu wa kijani-manjano, ukigusa vumbi linapaa. Nikasema tutupe. Akasema chakula hakitupwi, kuku watakula.

NEEMA: Wamekula?

HAMISI: Bado, gunia nimelifungia stoo. Ila kanibana kwa swali: "Wajapani unaowasifu kwenye kipindi chenu wanapikia ukungu kila siku, mbona hawafi?"

NEEMA: Shangazi kauliza swali la maana kuliko karatasi yangu. Ukungu wa rangi hiyo kwenye karanga, wa kwanza kushukiwa ni Aspergillus flavus, ndiyo inayotengeneza sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Ya Wajapani inaitwa Aspergillus oryzae, wenyewe wanaiita koji. Wanatengenezea miso, sake na sosi ya soya. Mwaka 2006 chama chao cha watengeneza pombe kiliitangaza kuwa kuvu ya taifa. Sasa chukua vinasaba vya hizi mbili uvilaze sambamba: kwenye jeni zinafanana kwa zaidi ya asilimia 99.

HAMISI: Na Aspergillus nyingine?

NEEMA: Hapo ndipo utashangaa. Mwaka 2005 jarida la Nature lilitoa jenomu tatu kwa mpigo: oryzae, fumigatus na nidulans. Protini zao zinafanana kwa wastani wa asilimia 68 tu, wakasema ni umbali kama wa binadamu na samaki. Na zote zina jina moja la mbele, Aspergillus! Oryzae ilikuwa na herufi za DNA kama milioni 37, jeni kama 12,000, kubwa kuliko wenzake wawili. Nyingi za ziada ni za vimeng'enya vya kuvunja chakula na za kutengeneza kemikali za kila namna.

HAMISI: Sumu iko wapi humo?

NEEMA: Imepangwa. Jeni zipatazo 25 hadi 30 zimekaa pamoja karibu na ncha ya kromosomu ya tatu, na mmoja wao, jeni iitwayo aflR, ndiye anayewaamsha wenzake. Kwenye koji safu hiyo mara nyingi ipo, lakini haiamki. Aina nyingine za koji zimeshapoteza kipande kizima. Halafu kuna Aspergillus sojae, kuvu nyingine ya sosi ya soya, ndugu wa Aspergillus parasiticus mwenye sumu. Yeye aflR wake umekatika kabla ya mwisho.

HAMISI: Kwa hiyo nimwambie shangazi ukungu wake na wa Wajapani ni kitu kimoja.

NEEMA: Usithubutu! Atawapa kuku kesho asubuhi.

HAMISI: Sisemi wapewe. Mwaka 1960 Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya laki moja kwa mashudu ya karanga kutoka Brazili, ndivyo sumukuvu ilivyogunduliwa. Nimemsimulia. Kasema kuku wake si bata mzinga.

NEEMA: Mwambie sumu inaenda kwenye ini, na ini la kuku yeye ndiye analipenda. Kuosha hakuiondoi, na kupika hakuimalizi.

HAMISI: Nitamwambia. Lakini kwenye jina sikuachii. Kama vinasaba vinafanana hivyo, ni spishi moja. Majina mawili yanamfanya mtu aone kuna kuvu njema na kuvu mbaya, wakati tofauti ni jeni chache zilizolala.

NEEMA: Kaka Hamisi, hazijalala kwa bahati. Watu wamechagua koji kizazi baada ya kizazi. Ile aina ya RIB40 waliyoisoma 2005 ina nakala tatu za jeni ya kuvunja wanga. Hiyo ni kazi ya mikono ya watu, inastahili jina lake.

HAMISI: Basi nieleze ile kuvu ya AF36. Wanaimwaga kwenye mashamba ya pamba Arizona iwasukume wenzake wenye sumu. Yenyewe haitoi sumu kwa sababu ya herufi moja tu iliyobadilika kwenye jeni moja. Na bado inaitwa flavus! Kumbe sumu siyo inayogawa spishi.

NEEMA: Ndiyo, sumu peke yake haigawi. Nasema jina ni ulinzi. Mtu wa viwango anayekagua pipa la miso anahitaji neno linalomwambia hii imefugwa.

HAMISI: Na mimi natoka Dodoma. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara waliugua watu 68, wakafa 20. Anayelinda watu hao ni kipimo cha sumu. Pipa likipimwa, jina halina kazi.

NEEMA: Kipimo kinafika kwenye gunia la shangazi?

HAMISI: Jina limefika?

NEEMA: Mimi sibadilishi.

HAMISI: Wala mimi.

NEEMA: Haya. Ila tukubaliane kwamba Aflasafe yetu ya Tanzania, ile ya kuzuia sumukuvu shambani, isingepatikana bila kulinganisha hivi. Wametafuta flavus za hapahapa zisizotoa sumu, wakazipaka kwenye punje za mtama, mkulima anazitawanya shambani kabla mahindi hayajachanua.

HAMISI: Shangazi akisikia punje za mtama...

NEEMA: Usimalize! Hizo nazo si za kuku. Fundi ananionyesha zimebaki dakika mbili.

HAMISI: Na mafunzo matatu?

NEEMA: Hatujagusa hata moja. Nilitaka tufike kwenye ule ukungu mweusi, kundi la Aspergillus niger, unaotengeneza asidi ya sitriki ya kwenye soda. Yaache. Wiki ijayo tunaanza moja kwa moja na fumigatus, anayeshambulia mapafu ya wagonjwa.

HAMISI: Huyo jina lake nakubali.

NEEMA: Subiri uone ndugu zake.