Pimeni Bomba la Mwisho

Kamwene! Kaeni, asanteni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili hapa Iringa, na nitalisema tena: acheni kupima maji tangini kisha mkafunga daftari.

Kuna kijiji huku nyanda za juu, sitakitaja. Nilifika mwezi wa pili, mvua imekolea. Fundi akanipandisha hadi kwenye tangi, tukachota, tukatia kidonge cha kupimia klorini, maji yakawa ya pinki kabisa. Klorini, dawa ya kuua vijidudu, imo, tena ya kutosha. Nikamwuliza, "Kaka, nani anachota mwisho?" Tukashuka bondeni mwendo wa saa nzima. Pale gatini, kituo cha kuchotea maji, tulimkuta mama ana mtoto mgongoni, ndoo mbili zimejaa. Nikamwomba maji kidogo, nikatia kidonge, nikatikisa. Meupe vilevile! Tukalifuata bomba kurudi juu, tukalikuta limepasuka kando ya shamba la mahindi, limefungwa kwa mpira wa baiskeli, limelala kwenye tope wanapopita ng'ombe. Maji yakiwa na nguvu, yanavujia nje. Ukija mgao, bomba linabaki tupu na tope linaingia ndani. Maji yakirudi, wa kwanza kulinywa tope hilo ni mtoto wa yule mama.

Mtaniambia maji ya mlimani ni baridi, yanang'aa, wazee wetu waliyanywa. Waliyanywa, na watoto waliowazika kwa kuhara hatukuwahesabu. Vijidudu vya kinyesi havionekani kwa macho, na katika mililita 100 za maji ya kunywa havitakiwi hata kimoja. Maabara huviotesha karibu siku nzima kwenye joto la nyuzi 44 ndipo ikujibu, na wewe umeshakunywa. Kidonge kinakujibu hapohapo ulipo kama klorini bado imo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka klorini isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapochota. Anapochota, jamani!

"Lakini dawa inanuka." Inanuka, ndiyo. Mimi nikiisikia harufu hiyo kwenye bomba la mwisho, nalala usingizi.

Masika pimeni mara nyingi zaidi, kwa sababu tope linaimaliza dawa njiani. Mengine tuyaache, naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nani hapa anachota bomba la mwisho? Mama, njoo mbele na kikombe chako, kidonge utatia wewe.