Singapore kwenda Johor Bahru: mpaka wa nauli ndogo na foleni ndefu

ZUHURA: Karibuni tena jamani. Leo tunavuka mpaka wa Singapore na Malaysia kwa ardhi, kupitia Woodlands, kituo cha mpakani upande wa Singapore, hadi Johor Bahru, mji wa jimbo la Johor huko Malaysia. Ninaye kaka Baraka hapa.

BARAKA: Nipo, dada Zuhura. Naomba tuanze na nauli, maana ndiyo kila mtu anayoulizia kwanza.

ZUHURA: Nauli ni nafuu sana. Ukipandia basi Kranji, kile kituo cha treni za mjini kaskazini mwa kisiwa, hutamaliza dola 3 za Singapore mpaka uko ng'ambo. Kuna 170X, kuna 160, kuna yale mabasi ya njano ya Causeway Link. Ukitokea Woodlands kuna 950. Kinachokula pesa ya msafiri hapa ni saa aliyochagua kuvuka na sarafu anayolipia.

BARAKA: Sarafu kivipi?

ZUHURA: Mpaka mwaka 1973 dola ya Singapore na ya Malaysia zilibadilishana kwa thamani sawa, moja kwa moja. Leo dola moja ya Singapore inakupa zaidi ya ringgit 3, ndiyo sarafu ya Malaysia. Pengo hilo ndilo linaloendesha mpaka mzima. Watu wanalala Johor, wanafanya kazi Singapore, wanalipwa kwa dola na kununua unga kwa ringgit. Kila siku wanavuka zaidi ya watu 300,000, kwenye tuta la barabara na reli linalokatiza baharini kati ya nchi hizi mbili, lenye urefu wa kilomita moja na kidogo.

BARAKA: Hilo tuta lenyewe lilifunguliwa rasmi mwaka 1924. Na Januari 1942 Waingereza walilipua sehemu yake wakikimbia jeshi la Japani. Haikusaidia, Singapore ikaanguka Februari.

ZUHURA: Na pembeni yake kuna mabomba ya maji, Singapore inanunua maji ya Johor kwa mkataba wa 1962 unaokwisha 2061. Ukiwa ndani ya basi unayaona. Mimi huwa nayaangalia kila mara. Nchi hizi ziliachana Agosti 1965, lakini maji hayakukatika.

BARAKA: Turudi kwenye saa. Msafiri wetu avuke lini?

ZUHURA: Aende kinyume na wafanyakazi. Wao wanatoka Johor kabla ya alfajiri, saa 10, saa 11, na kurudi jioni. Wewe toka Singapore siku ya kazi, saa 4 au saa 5 asubuhi. Ijumaa jioni kaa mbali kabisa, na mkesha wa sikukuu vilevile, na likizo za shule za Juni na Desemba. Siku hizo basi linakaa juu ya tuta mpaka watu wanashuka na kutembea na masanduku kando ya magari. Sikushauri ufanye hivyo, si mahali pa mtu mwenye mtoto au mzigo.

BARAKA: Sasa mpeleke hatua kwa hatua yule ambaye hajawahi. Maana watu wetu wamezoea Namanga, ambapo siku hizi maafisa wa Kenya na Tanzania wamekaa jengo moja na unamaliza yote hapo.

ZUHURA: Hapa ni majengo mawili. Basi linafika Woodlands, dereva anafungua milango, kila mtu anashuka na kila alichonacho. Usiache hata mfuko wa matunda kwenye kiti, kwa sababu basi hilo halikusubiri. Unapanda ngazi za umeme hadi ukumbi wa uhamiaji, unaweka pasipoti kwenye mashine, unafuata maelekezo yake, unapita. Unashuka upande wa pili, kuna majukwaa yenye namba za mabasi. Unapanga foleni kwenye namba yako na kupanda lolote linalofuata la namba hiyo. Kama unalipa kwa kadi, igonge kwenye mashine ya basi unaposhuka, igonge tena unapopanda. Kama ulikata tiketi ya karatasi, itunze, wataiomba.

BARAKA: Halafu tuta.

ZUHURA: Tuta, halafu unashuka tena na mizigo yako yote. Jengo la Sultan Iskandar, upande wa Malaysia, lilianza kazi mwaka 2008. Ni kubwa, fuata umati. Hapo ndipo nataka msikilizaji asimame kidogo. Singapore haigongi tena muhuri kwenye pasipoti, inakutumia kibali chako kwa barua pepe. Kwa hiyo unapoingia andika anwani ya barua pepe kwa makini. Malaysia ukipita kwa afisa, hakikisha muhuri umegongwa kabla hujaondoka dirishani. Usomeke tarehe.

BARAKA: Na zile fomu za mtandaoni? Nimeona watu wakilipishwa.

ZUHURA: Wanaibiwa hao! Fomu zote mbili ni za bure. Singapore ina SG Arrival Card, Malaysia ina MDAC, fomu yake ya kuingia, iliyoanza kudaiwa Januari 2024. Zote unajaza ndani ya siku 3 kabla ya kuingia, kwenye tovuti za uhamiaji za nchi zenyewe. Ukikutana na tovuti inakuomba namba ya kadi ya benki, funga. Na kumbuka, ukienda Johor kwa siku moja na kurudi, unajaza ya Malaysia unapoingia na ya Singapore upya unaporudi.

BARAKA: Viza je?

ZUHURA: Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anaingia nchi zote mbili bila viza kwa matembezi mafupi. Wengine waulize ubalozi kabla ya kukata tiketi ya ndege. Pasipoti iwe na miezi 6 mbele. Na anayetoka Kenya, Uganda au Kongo abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, karatasi yenyewe, isiwe picha kwenye simu tu.

BARAKA: Mimi nina neno la kutetea treni. Shuttle Tebrau, kutoka Woodlands hadi JB Sentral, kituo cha treni cha Johor Bahru, dakika 5. Dakika 5! Huoni foleni ya magari hata moja.

ZUHURA: Nauli yake?

BARAKA: Ndiyo hapo ilipo hesabu. Ukitokea Singapore unalipa dola 5. Ukitokea Johor unalipa ringgit 5. Tarakimu ileile, reli ileile, lakini kurudi ni chini ya theluthi ya bei. Kwa hiyo nenda kwa basi, rudi kwa treni. Tiketi nunua mapema mtandaoni, za jioni ya Jumapili zinakwisha haraka.

ZUHURA: Hapo nakubali. Ingawa ukikosa tiketi usiharibu siku yako, basi lipo.

BARAKA: Na treni hiyo ina historia. Mpaka 2011 reli ya Malaysia ilikuwa inaingia hadi Tanjong Pagar, katikati ya Singapore. Treni ya mwisho, usiku wa tarehe 30 Juni, iliendeshwa na Sultan Ibrahim wa Johor mwenyewe. Ndiye mfalme wa Malaysia tangu Januari 2024. Tangu hapo treni zinaishia Woodlands.

ZUHURA: Kuna wanaotuambia watalala Johor kwa sababu vyumba ni rahisi, halafu kila siku waingie Singapore kutembea. Nisikilizeni. Mtaingia pamoja na wafanyakazi asubuhi na kurudi nao jioni. Chumba kitakuwa rahisi, lakini likizo yako utaimalizia kwenye foleni. Kama ni Singapore unayoitaka, lala Singapore kwenye kitanda cha hosteli. Ukimaliza, vuka mara moja na uendelee kaskazini.

BARAKA: Kuendelea ndiko kwenye faida hasa. Basi la Kuala Lumpur usilikatie Singapore, utalilipia kwa dola. Panda 170, hiyo isiyo na X, inakufikisha Larkin, stendi kuu ya Johor Bahru. Pale tiketi za Kuala Lumpur na Melaka ni za ringgit. Hata ndege za ndani, kama unakwenda Sabah au Sarawak, angalia uwanja wa Senai, wa huko Johor, kabla ya Changi wa Singapore.

ZUHURA: Na ule kabla ya kupanda. Roti canai ya moto na teh tarik, ile chai ya maziwa inayomiminwa kutoka juu hadi itoe povu. Mtu wa Mombasa au Unguja hatajiona mgeni mbele ya sahani ile.

BARAKA: Kurudi Singapore, forodha.

ZUHURA: Wakali, na wako sahihi kuwa wakali kwa sheria yao. Sigara hata moja hairuhusiwi bila kuitangaza na kuilipia ushuru. Sigara za kielektroniki ni marufuku kabisa. Pombe kutoka Malaysia haina msamaha wa ushuru. Ubani wa kutafuna kuuingiza umekatazwa tangu 1992. Hata gari la Singapore likitoka kwenda Johor lazima tangi lijae robo tatu, ili watu wasiende kununua mafuta ya bei rahisi.

BARAKA: Na ule mradi mpya wa reli?

ZUHURA: RTS, kutoka Woodlands North hadi Bukit Chagar, Johor Bahru. Umepangwa kuanza kufikia mwisho wa 2026, watu 10,000 kwa saa kila upande. Uhamiaji wa nchi zote mbili utakamilika kituo unachoondokea, kwa hiyo ukishuka unatembea tu. Shuttle Tebrau nayo imepangwa kusitishwa baada ya hapo, basi anayeitaka ile ya ringgit 5 aangalie tarehe zake.

BARAKA: Wiki ijayo tunapanda hadi Padang Besar, tuingie Thailand kwa treni.

ZUHURA: Inshallah. Maswali yenu tutumieni mapema.