Nani Anakupokea Zamu?

Asanteni, kaeni. Mratibu ameweka simu mezani ya kunihesabia dakika, kwa hivyo salamu nitazifupisha. Nimeombwa nizungumzie maisha ya mwajiriwa katika kampuni ya programu. Mishahara siigusi, hiyo mnaulizana kila siku. Nitazungumzia zamu. Wanaonijua washaanza kucheka huko nyuma. Chekeni, nitasema tena.

Nilikuwa naishi Kasarani, hapa Nairobi, ghorofa ya nne, nikifanyia kampuni moja ambayo jina lake naliacha. Saa nane na dakika kumi usiku simu ikalia. Anayepiga si mtu, ni mfumo wenyewe: seva imekwama. Wateja wanalipa kwa simu, pesa zinawatoka, lakini mfumo wetu hauandiki kwamba zimefika, kwa hivyo unawaambia walipe tena. Na wengine wanalipa tena! Stima imepotea mtaa mzima, na nyumbani kwangu mtandao wa simu ulikuwa unashika dirisha la jikoni tu, tena ukiinama. Nikashuka na laptopu hadi getini kwa mzee wa ulinzi. Akanipa kiti chake, yeye akakalia ndoo.

Nikatafuta karibu saa tatu nzima. Msimbo, yaani maagizo ya programu niliyoandika kwa mkono wangu, nikaushuku mstari kwa mstari. Kumbe diski imejaa! Kumbukumbu za mfumo, zile faili ambazo hakuna anayezifungua mpaka kuharibike, zilikuwa zimerundikana hadi hifadhidata ikakosa pa kuandika. Kufuta za zamani na kuwasha upya, dakika tano. Kuwarudishia watu pesa zao, wiki nzima, lakini hayo waulizeni wahasibu.

Muda wote huo mzee anaandika kwenye daftari lake la geti. Nilichungulia kwa mwanga wa skrini: "Saa 8:40. Wa nyumba 14 yuko getini na kompyuta. Hali shwari." Shwari! Ilipokaribia saa kumi na mbili mwenzake akafika. Wakahesabu pamoja funguo, tochi, rungu na filimbi, huyu akatia sahihi, na yule akatia sahihi. Mzee akavaa koti la kwendea nyumbani, akaniona bado nimekalia kiti chake, akauliza: "Na wewe kijana, nani anakupokea?"

Sikuwa na jibu. Saa tatu asubuhi nilikuwa kwenye kikao, naulizwa na meneja mbona napiga miayo.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, utajilinganishaje na mlinzi na mshahara wako ni mara kadhaa wa kwake? Kweli kabisa. Mzee yule alikesha saa kumi na mbili kwa pesa ambazo ningeona haya kuzitaja mbele yenu. Simwonei wivu. Ninachosema ni kwamba hata yeye, pamoja na kupunjwa huko, alikuwa na saa ya kuingia, saa ya kutoka, na daftari la kuonyesha kwamba usiku ule alikuwa kazini. Mimi je? Kwa mujibu wa hati yangu ya mshahara, usiku ule nilikuwa nimelala.

Halafu utaambiwa kazi hii ni wito. Wito ni wa padri. Utaambiwa sisi hapa ni familia. Mimi nina familia Machakos, na haijawahi kuniandikia barua pepe Ijumaa jioni kwamba nafasi yangu imeondolewa.

Sheria ya Ajira ya Kenya ni ya 2007, rika moja na M-Pesa. Makato ya M-Pesa mnayajua kwa kichwa, sheria hamjaifungua. Inataka mkataba utaje saa za kazi. Inataka siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Ukiondolewa kwa sababu kampuni inapunguza watu, ulipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Sijaona mahali imeandika "isipokuwa wenye laptopu".

Na ninyi mnaofanyia Marekani mkiwa hapa Nairobi, msijifiche. Kikao cha saa tano asubuhi San Francisco, huku ni saa tatu usiku. Novemba wanarudisha saa zao nyuma, kikao kwao hakisogei, kwako kinahamia saa nne. Nani alikuuliza? Mtoto amelala, nawe uko sebuleni unanong'ona kwamba umekubaliana na kila kitu.

Mratibu ananionyesha vidole viwili. Hisa nilitaka kuzieleza vizuri, basi kwa ufupi: ukiahidiwa hisa za kampuni za kuiva kwa miaka 4, yaani zinakuwa zako kidogo kidogo, na hupati hata moja kabla mwaka wa kwanza kuisha, ukiondoka mwezi wa kumi na moja umeondoka na fulana. Msimbo unaouandika nyumbani ni wa nani? Hilo tuliache.

Nipeni dakika moja tu. Toeni simu, fungueni mkataba wa kazi, kila mtu wake. Tafuta neno zamu, au usiku, au chochote kinachofanana nayo. Nawasubiri.

Aliyelipata anyooshe mkono.

Mmoja. Wewe dada, unafanyia wapi? Hapana, hapana, usitaje. Tukutane pale kwenye chai.