Karatasi Inayoshoneka: Kutengeneza Kipande cha Majaribio cha Kitambaa, Rangi na Uzi

Habari zenu, mafundi wenzangu. Hiki ninachokifinyanga mbele ya kamera ni karatasi. Naikunja, naivuta, naipitisha sindano, nayo haichaniki, kwa sababu mgongoni ina kitambaa cha pamba na katikati ina gundi. Leo tunatengeneza kipande kama hiki toka mwanzo: picha ya kuhamisha, karatasi nyembamba, rangi, uzi wa mkono, mshono wa cherehani na waya kidogo. Mwishoni tutakiandikia mgongoni, maana jaribio lisiloandikwa hata wewe mwenyewe huwezi kulirudia, sembuse kumfundisha mwenzako.

Weka mezani kitambaa cheupe cha pamba, bafta au marekani, kipande cha sentimita 30 kwa 30. Karibu yake weka karatasi nyembamba ya kufungia zawadi, picha iliyochapwa kwa printa ya leza, rangi za akriliki, brashi pana, sifongo, msasa laini, nyuzi na sindano. Kwa gundi nitatumia midiamu ya akriliki, ile inayouzwa pamoja na rangi za akriliki, ambayo ni nyeupe ikiwa mbichi na huwa angavu ikikauka. Huna? Gundi nyeupe ya PVA, wanayotumia maseremala, inafaa kwa hatua ya karatasi. Ila hiyo hukakamaa zaidi, na ikilowa hulegea tena.

Kwanza tuhakikishe kitambaa ni pamba kweli. Usiamini macho. Chomoa nyuzi tatu au nne, zishike kwa kibano juu ya sinia la chuma, uwe na maji karibu, kisha ziwashe. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi inayoungua, na jivu lake ni laini la kijivu. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua, na mabaki yake yanasagika vidoleni. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuganda kuwa kidonge kigumu. Ukiona jivu na kidonge kwa pamoja, hapo una mchanganyiko. Kwa kazi ya leo tunataka pamba, kwa sababu inafyonza gundi hadi ndani ya uzi, wakati kwenye poliesta gundi hukaa juujuu na siku moja karatasi inabanduka yote.

Sasa kifue. Kitambaa kipya mara nyingi hutoka kiwandani kimepakwa wanga ili kikae sawa, na wanga huo ndio unaozuia gundi na rangi kuingia. Tumia maji ya moto na sabuni, usiongeze dawa ya kulainisha nguo, kisha kipige pasi kikiwa bado na unyevu kidogo.

Tunaanza na picha, na hapa tutakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Tunahamisha wino kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kitambaa. Printa ya leza hutumia unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto, hivyo maji hayauyeyushi. Printa nyingi za wino wa majimaji, kinyume chake, picha yake hutiririka ikiguswa na unyevu. Kama hujui picha yako ilitoka printa gani, lowesha kidole usugue pembeni. Kidole kikitoka na rangi, iweke kando.

Jambo jingine: picha itageuka. Kushoto kutakuwa kulia. Kwa ua au jani haina shida, lakini kama kuna maandishi, yageuze kwenye kompyuta kabla ya kuchapa.

Tandaza nailoni mezani, weka kitambaa juu yake. Chukua midiamu bila kuitia maji, paka upande wa picha, safu nene ya kutosha kuifunika, lakini isichuruzike. Ilaze picha kifudifudi katikati ya kitambaa. Chukua kadi ya plastiki, burura kutoka katikati kwenda nje, polepole, ukitoa hewa. Gundi inayotoka pembeni ifute mara moja, isije ikafunika mgongo wa karatasi. Ikikaukia pale maji hayatapenya. Halafu acha. Acha mpaka kesho. Kuna wanaokausha kwa kikausha nywele na kuendelea papo hapo, na wakati mwingine inakubali, lakini gundi iliyokauka juu na kubaki mbichi chini huja na picha yote ukianza kusugua. Mimi nasema lala usingizi.

Baada ya kukauka kabisa, lowesha mgongo wa karatasi kwa sifongo. Subiri dakika mbili hivi, utaona picha inaanza kuonekana kwa upande huu. Sugua kwa ncha za vidole, kwa mizunguko midogo. Karatasi inatoka kwa vinyuzi vyeupe; vikusanye, usiviache vikarudi kuganda. Usitumie kucha. Utafika mahali picha imetoka wazi, ufurahi, kisha ikikauka utaona ukungu mweupe umeirudia. Hizo ni nyuzi za karatasi zilizobaki. Lowesha tena, sugua tena. Ukungu wa mwisho mwembamba hautoki kwa maji. Huo utauzima kwa safu nyepesi ya midiamu juu yake. Na ikiwa kona moja ya picha imechubuka, usiitupe kazi. Macho yangu huipenda zaidi picha yenye kovu kuliko ile iliyotoka nzima, kwa sababu kovu linakuonyesha pa kuweka uzi.

Tukishamaliza picha, tunaizungushia karatasi nyembamba. Nimeanza na picha kwa makusudi: kule kusugua na maji kungelegeza karatasi za pembeni kama zingebandikwa kwa PVA. Chana karatasi kwa mkono, usikate kwa mkasi. Ukingo uliochanwa unayeyukia kwenye kitambaa, ukingo wa mkasi unabaki mstari. Midiamu itie maji kidogo tu. Kama ni PVA, sehemu moja ya gundi kwa sehemu moja ya maji. Paka kwenye kitambaa mpaka kilowane, laza karatasi, paka tena juu yake kuanzia katikati. Itakunjamana. Iache ikunjamane, hiyo mikunjo tuna kazi nayo. Vipande vipandane kidogo, na vingine vipite juu ya ukingo wa picha mpaka usijue inaanzia wapi. Karatasi nyeupe ikilowa gundi huwa nusu angavu, kwa hiyo picha itaonekana chini yake. Karatasi za rangi nyingi huchuja, nyekundu hasa. Ama utumie huo mchujo kama rangi, ama ujaribu kwanza pembeni.

Ikikauka, bandua kazi yote kutoka kwenye nailoni. Shika hapa uone: ni kitambaa, lakini kina mlio wa karatasi.

Rangi ni hatua fupi. Chukua akriliki, iongezee maji mpaka iwe nyepesi, paka eneo zima la karatasi, kisha futa mara moja kwa kitambaa kikavu. Rangi inabaki kwenye mikunjo na kutoka kwenye tambarare. Ikishakauka pitisha msasa laini, namba 220 au zaidi, kwa mkono mwepesi. Vilele vya mikunjo vitachubuka na weupe wa chini utachungulia. Vaa barakoa unapopiga msasa, na vumbi lifute kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kulipuliza.

Kama kazi imepinda, pasi inaruhusiwa, lakini iwe ya moto wa wastani na kazi ikae katikati ya karatasi mbili za kuokea. Akriliki ikipata joto hulainika. Ikigusana na pasi moja kwa moja utapoteza kazi na pasi.

Sasa uzi. Kwa mkono natumia uzi wa kutarizi wenye nyuzi sita, nazigawa na kubaki na mbili au tatu. Sindano iwe na ncha kali. Ile butu inasukuma karatasi badala ya kuitoboa, na karatasi inapasuka. Vaa subana, kidole chako kitakushukuru. Usitumie fremu ya kutarizi: itaacha duara lisilofutika kwenye karatasi, na hata hivyo kazi imeshakuwa ngumu ya kutosha kujishikilia.

Mshono wenyewe ni bandi tu, sindano inaingia na kutoka. Msiudharau. Kantha, yale matandiko ya kushonwa kwa mkono ya Bengali, hushonwa kwa bandi juu ya tabaka za vitambaa vilivyochakaa, na viraka vya boro vya Japani hushikiliwa na mshono wa aina hiyohiyo. Tofauti ni kwamba kwenye vitambaa vitupu bandi hukunja uso wa kazi na kuufanya mawimbi. Kwetu karatasi inazuia wimbi, uzi unalala bapa na mstari unaonekana wazi zaidi. Kwa hiyo usishone kila mahali. Fuata mkunjo mmoja, au fuata lile kovu la picha, kisha nyamaza. Na kila tundu ni la kudumu: pamba ukichomoa uzi hujifunga, karatasi haijifungi. Ukisita, toboa kwanza kwa sindano tupu kutoka mbele, angalia mpangilio wa matundu, ndipo upitishe uzi.

Kwa cherehani, weka sindano namba 90/14 na urefu wa mshono milimita 3 hadi 4. Mshono mfupi utatoboa karatasi mfululizo kama ukingo wa stempu, na itachanika palepale. Anza na mstari ulionyooka. Ukitaka kuchora kwa uhuru, shusha meno yanayosukuma kitambaa, weka mguu wa kutarizi, kisha sogeza kazi kwa mikono miwili huku mguu wako ukikanyaga kanyagio kwa mwendo ule ule. Mikono ikikimbia, mshono unarefuka; ikisita, nyuzi zinarundikana. Uzi wa juu ukikatika kila mara, legeza mkazo wake kidogo na uikague sindano: gundi hujikusanya juu yake. Zima cherehani, futa sindano kwa spiriti. Sindano hiyo usiirudishe kwenye kushona nguo, imeshapoteza ukali.

Mwisho naongeza waya wa shaba wa milimita 0.3. Unapita kwenye matundu ya sindano bila shida na unaweza kushika kipande cha bati, kifungo, au lesi. Usiukaze. El Anatsui, msanii mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, huunganisha vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba, na kazi zake kubwa za chuma hukunjika na kuning'inia kama nguo kwa sababu viungo vyake vina nafasi ya kucheza. Kwetu ni hivyo hivyo: waya ukikazwa unakata karatasi, ukiachiwa unafuata mkunjo.

Turudi kwenye majaribio. Ukipenda kujua gundi ipi inakufaa, kata vipande vinne vya sentimita 15 kwa 15, vyote kitambaa kimoja, karatasi moja, rangi moja, na ubadilishe gundi peke yake. Ukibadilisha gundi na karatasi kwa mpigo, ukapata uso mzuri ajabu, hutajua nani kaufanya. Nawasikia wanaosema sanaa haifanywi kama hesabu. Fanya utakavyo kwenye kazi kubwa. Kwenye kipande cha majaribio badilisha kitu kimoja.

Geuza kipande. Mgongoni, kwa kalamu isiyofutika, andika aina ya kitambaa na kama kilifuliwa, aina ya gundi na uwiano wake na maji, karatasi, muda uliokausha, namba ya sindano, na uzi. Uwiano uandike kwa sehemu, si kwa vijiko, kwa kuwa kijiko chako si cha mwenzako. Andika pia kilichoharibika: "rangi nyekundu ilichuja", "mshono wa milimita 2 ulichana". Mstari huo ndio fundi mwingine atakaousoma kwanza. Na kama mbinu ulifundishwa na mtu, jina lake likae hapo pamoja na lako, kwa ruhusa yake.

Ukipiga picha ya kuwaonyesha wenzako, taa iwe ubavuni. Mwanga wa mbele unafuta mikunjo na uzi, na hivyo ndivyo vitu wanavyotaka kuviona. Piga mbele, kisha piga mgongo. Fundo na maandishi ya nyuma yanafundisha kuliko uso.

Lakini picha haina mlio wala ugumu, kwa hiyo ukiweza kata kipande mara mbili, nusu baki nayo na nusu mpelekee fundi mwenzako. Usikikunje. Kizungushe kwenye bomba la karatasi, uso wenye rangi ukiwa nje, kwa maana ukiuweka ndani unabanwa na kupata makunyanzi yasiyotoka. Kama ni vipande kadhaa, tenganisha kila kimoja kwa karatasi ya kuokea: akriliki mbili zikibanana kwenye joto hushikana, na mwenzako atapokea kipande kimoja kinene badala ya viwili.