Daktari wa watoto anafundishwa wodini, lakini sio peke yake

Asanteni jamani kwa kuja, najua jua la Kisumu leo si mchezo, niende moja kwa moja kwa maneno.

Daktari akipelekwa wodi ya watoto ambapo oksijeni ni ya kugawana na majibu ya maabara yanakuja kesho, watu husema acha akae huko atakomaa. Mimi nakataa. Mtu anaweza kurudia kosa lile lile mwaka mzima na bado akaitwa mzoefu, kinachofundisha ni kazi yenye mtu kando yako wa kukuuliza, mbona umeamua hivyo?

Chukua kuhesabu pumzi tu. Mtoto anakohoa, eksirei hakuna. Muache apakatwe na mamake mpaka atulie, fungua nguo uone kifua, shika saa uhesabu dakika nzima, sio sekunde 15 halafu unazidisha, kwa sababu mtoto mdogo hapumui sawasawa. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, hiyo ni pumzi ya mbio, dalili ya nimonia, na uangalie pia kama kifua kinabonyea ndani. Sasa mwanagenzi ametoka chuo juzi, foleni imefika mlangoni, anahesabu nusu anaachia hapo, na ni sista wa wodi anamwambia daktari, hebu hesabu tena. Huyo sista ndiye mwalimu, na kwa rosta hajaandikwa popote kama mwalimu! Hiyo inaniuma sana.

Na madaktari wageni wetu kutoka Uingereza na Marekani, karibuni, ila mje kujifunza pia. Mnakumbuka utafiti wa FEAST wa 2011, Kenya, Uganda na Tanzania: watoto wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu waliopewa maji mengi ya dripu kwa haraka, walikufa karibu 11 kwa kila 100 ndani ya saa 48, wasiopewa ni kama 7. (Wa kuharisha hawakuwemo, tusichanganye.) Na hiyo dripu ya haraka ndiyo ilikuwa kawaida kwa nchi tajiri.

Kwa hivyo mnaopanga rosta, nawaomba, daktari mgeni aanze chini ya sista na afisa wa kliniki kabla hajaandika dawa, na raundi ya usiku iwe na daktari mkubwa ndani ya wodi, sio kwa simu.